Ukuta wa Kichwani

Kenyamonta,
16 Januari 1983

Shemeji Sadick,

Nakusalimu wewe, Kuruthumu na watoto. Huku tupo, mtama umesimama vizuri na Bhoke ameingia darasa la tatu. Sijakuandikia tangu ulipoondoka msibani mwezi wa Mei, na hata asante sikusema. Nakumbuka baada ya kumzika Rubeni uliokota kipande cha ubao wa jeneza kilichobaki, ukakifuta vumbi kwa kiganja kama mnavyofanya mafundi, ukakitia mfukoni. Mpaka leo najiuliza ulikichukua ukifanyie nini.

Leo nina swali la kazi yako.

Chumba chetu cha kulala hakijawahi kupakwa rangi. Rubeni alikipiga lipu ya saruji mwaka 1980, akasema rangi itapatikana tu. Haikupatikana, na yeye ameondoka. Sasa mama mkwe, Mama Nyangi, atakuja kukaa nami baada ya mavuno, na naona aibu kumlaza ndani ya kijivu kitupu.

Taabu ni vitu vilivyomo. Kitanda unakijua, kile cha mninga mlichokitengeneza wewe na Rubeni mwaka 1971, yeye mbao, wewe vanishi. Tulipohamishiwa kijijini mwaka 1974 hakikupita mlangoni, Rubeni akakikata miguu akiwa amefumba macho, akaja kuiunga huku. Ni chekundu kama udongo wa kichuguu ulionyeshewa. Halafu kuna kabati la chuma, ambalo hujaliona. Chama cha ushirika kilipovunjwa alipewa vitu vya ofisini, akalileta nyumbani juu ya mkokoteni. Nilimcheka: "Seremala na kabati la chuma?" Akasema mchwa wa Kenyamonta bado hawajaota meno ya chuma. Ni la bluu inayoelekea kwenye majivu.

Vitu hivi viwili havielewani. Ukitazama kitanda, kabati linakuwa kama mgeni aliyekosea nyumba. Ukitazama kabati, kitanda ndicho kinachokosea. Kimoja siwezi kukitoa, na cha pili pia siwezi. Je, nipake ukuta rangi gani ili vikae pamoja?

Ni mimi shemeji yako,
Agustina Rubeni


Tarime,
2 Februari 1983

Shemeji yangu Agustina,

Barua yako nimeisoma mara tatu, mara ya tatu kwa sauti ili Kuruthumu asikie. Amesema: "Huyo mwanamke anajua kutazama." Nikamwambia ndiyo maana aliolewa na seremala na siyo na muuza nyama, yule uliyemtaka wewe kabla yangu. Amenirushia kijiko.

Unajua Rubeni alikuwa akisema nini mbele ya wateja wangu? "Fundi rangi kazi yake ni kuficha makosa ya seremala." Nami nikimjibu: "Basi bila mimi ungekuwa jela." Mungu amrehemu. Nimebaki na utani usio na wa kuujibu.

Sasa kazi. Rangi zina joto na baridi kama watu. Mninga ni wa moto. Bluu ya ofisini ni baridi, imezoea kukaa na mafaili. Ukipaka ukuta rangi ya moto, njano kwa mfano, kabati litaonekana limeloa. Ukipaka bluu, kitanda kitaonekana kidonda. Watu watakwambia upake nyeupe. Usikubali. Nyeupe haisuluhishi, inakaa katikati na kuwaacha wapigane. Tena chokaa nyeupe ndiyo pekee inayoonekana madukani, na hiyo nayo kwa bahati. Unachotaka ni rangi yenye ujomba pande zote mbili.

Fanya hivi. Chonga kipande kidogo cha kitanda mahali pasipoonekana. Kwangua rangi kidogo ya kabati. Vifunge kwenye karatasi unitumie. Usinieleze kwa maneno, maana huko kwenu kila rangi ni ya ng'ombe fulani, na mimi mtu wa Pangani ng'ombe namfahamu akiwa kwenye sufuria. Niambie pia dirisha linatazama wapi, na anayelala humo huamka akitazama ukuta upi.

Sadick bin Omari, fundi


Kenyamonta,
20 Februari 1983

Shemeji Sadick,

Kipande cha mbao na unga wa bluu vimo ndani ya karatasi ya daftari la Bhoke. Kipande nimekitoa uvunguni, kwenye mguu wa nyuma. Nilipolala chini nikaona Rubeni ameandika kwa penseli, "huu wa kushoto". Niliyapitia maneno hayo kwa kidole, polepole.

Dirisha linatazama mashariki.

Umeniuliza anayelala humo huamka akitazama ukuta upi. Swali hilo limenishinda kwa wiki nzima. Ukweli ni kwamba hakuna anayelala humo. Mama mkwe hajasema atakuja. Hilo nililitunga, nisamehe. Tangu Mei mimi na Bhoke tunalala jikoni, juu ya ngozi, mlango tumeukaza kwa kinu. Mchana naingia chumbani kuchukua nguo, na Bhoke anasimama mlangoni akihesabu kwa sauti. Akifika ishirini nimeshatoka. Hata hicho kipande nilikitoa yeye akihesabu, akafika mia mbili na kumi.

Naogopa kukuambia ninachokiogopa, kwa sababu ni kitu kidogo. Kwenye ukuta wa kichwani, upande wake, kuna alama. Kila jioni alikuwa akiegemea pale, Bhoke akimsomea kitabu cha shule na yeye akijifanya hajui majibu. Nywele zake alizipaka yale mafuta ya nazi uliyokuwa ukimletea kutoka kwenu. Saruji imeyanywa. Alama ni ya mviringo, nyeusi kidogo, kubwa kama sahani. Asubuhi aliyokufa alikuwa ameegemea hapohapo. Nilidhani anasikiliza mvua. Nilimsemesha juu ya mbuzi, nikamsemesha tena, nikamkasirikia kwamba hanijibu.

Nikiingia, alama inanitazama. Nikitoka, naogopa nitarudi nikute imefutika. Nimefikiri kwamba nikipaka rangi nitaweza kulala humo. Halafu nafikiri kwamba nikipaka rangi nitamfunika.

Usimsomee Kuruthumu hii kwa sauti.

Agustina


Tarime,
5 Machi 1983

Shemeji,

Sikumsomea mtu.

Nimekichukua kile kipande cha mninga na ule unga wa bluu, nikaviweka dirishani kwangu siku nne, nikivitazama asubuhi, adhuhuri na jioni. Jibu lilikuwa nje ya ua wangu, kwenye mkonge. Jani la mkonge linaloanza kukauka. Ni kijani, lakini ndani yake kuna majivu ya kabati, na pembeni kuna wekundu wa kitanda. Nimeichanganya mwenyewe. Ni rangi ya mafuta, haitoki kwa maji.

Dereva Wangwe anakuletea bati moja la lita nne ndani ya gunia la pumba, pamoja na brashi. Bati limebaki kwenye kazi yangu ya zamani. Mganga haulizwi mizizi ameichimba wapi, na fundi vilevile. Ukimaliza, bati tupu mrudishie Wangwe. Usikae nalo.

Anza kupaka kona, shuka chini, mkono mwepesi. Acha siku mbili, rudia. Paka kuta tatu. Ukuta wa kichwani uache. Usiulize utauacha mpaka lini. Siku ukiwa tayari nitakuja kuupaka mwenyewe, na kama siku hiyo haiji, haiji.

Sadick


Kenyamonta,
20 Machi 1983

Shemeji Sadick,

Nimelala chumbani siku sita!

Tulipaka mimi na Bhoke, yeye chini, mimi juu. Kitanda na kabati sasa vimekaa kama wakwe waliokubali kula sinia moja. Asubuhi jua likiingia, ukuta unapata joto na kitanda kinatulia. Jioni ukuta unapoa, na lile kabati, shemeji, kwa mara ya kwanza nimeliona zuri. Bati lilitosha kuta tatu kama ulivyojua litatosha. Ukuta wa kichwani nimeuacha. Siku ya kwanza nililala nimeupa mgongo. Sikulala vizuri, lakini nililala.

Majirani wamekuja mpaka nimechoka kufagia. Hata Mzee Mniko, balozi wetu wa nyumba kumi, aliingia na kuvua kofia. Akasema, "Agustina, umeingiza bustani ndani. Kazi ya nani hii?" Nikamwambia, "Rangi ni ya Sadick, fundi wa Tarime, rafiki wa marehemu." Akasema, "Hee! Hata ofisi ya kata haina." Akaenda kuisimulia kwenye mkutano wa kata kama mfano wa nyumba nadhifu, na rangi ya kijani na jina la fundi akavitaja, vimeandikwa kwenye kumbukumbu. Marehemu angefurahi.

Bati sikumpa Wangwe, lina mfuniko mzuri, nimelifanya la unga. Nilipoliosha masizi yakatoka, nikaona limeandikwa kwamba limetengenezwa Nairobi. Kumbe una kazi za zamani za mbali namna hiyo!

Agustina wako wa mkonge


Tarime,
10 Aprili 1983

Dada Agustina,

Hii anakuletea mdogo wangu Sophia mkononi. Akiulizwa, anakuja kumwona mgonjwa. Isome, kisha uichome.

Sadick wamemchukua Jumamosi, tarehe mbili. Umesikia redio. Ni msako wa wahujumu uchumi na wenye vitu vya magendo, na hapa karibu na mpaka wameuanza mapema. Waliingia wanne, wakapindua hata chungu cha maji. Barua zako hawakuziona, lakini walikuta brashi na mabati mawili matupu. Sadick anasema ni ya miaka iliyopita, kabla mpaka haujafungwa, na kwamba tangu hapo hajauza wala kugawa rangi. Hawamwamini. Wanasema bati tupu lina mahali lilipomwagwa. Wanatafuta ukuta.

Nimeruhusiwa kumpelekea chakula mara moja. Kulikuwa na askari kati yetu. Alisema, "Salimia wote, hasa wale wa upande wa mkonge." Nimeelewa, nawe utaelewa.

Dada, wakipata huo ukuta hatatoka. Na wewe uliyepokea pia utakuwa na kesi. Una Bhoke. Sijui niseme nini. Mimi huku nalala na viatu miguuni.

Kuruthumu


Kenyamonta,
14 Aprili 1983

Kuruthumu,

Sophia anasubiri nje, naandika nimesimama. Nisamehe mwandiko.

Ni mimi niliyemtaja. Nilimtaja kwa jina mbele ya balozi, kwa furaha, na balozi akakisifia chumba changu mbele ya kata nzima. Imeandikwa. Nimeuma ulimi tangu jana mpaka umevimba, kana kwamba sasa itasaidia.

Msako umefika Mugumu. Hapa kijijini kuna mtu amemwaga sukari kisimani, maji yamekuwa matamu siku mbili. Watoto wanacheka. Watu wazima wanachota kimya. Kule mtoni vitenge vipya vimenasa kwenye mizizi, na hakuna aliyevigusa, hata wale ambao hawana cha kuvaa. Bati nimeliponda kwa nyundo nikalifukia kwenye zizi la mbuzi.

Lakini ukuta haufukiwi. Jana nilijaribu kuukwangua kwa panga. Rangi haitoki. Inachubuka tu na kuacha mistari, na kila mstari unapiga kelele kuliko rangi yenyewe. Bhoke nimemfundisha kusema kwamba chumba chetu hakina rangi. Aliniambia, "Lakini mama, kinayo." Nilikuwa nikimchapa akisema uongo. Sasa nimemgombeza kwa kusema kweli, akalia, na mimi nikalia.

Nimetuma mtu Nyansurura kumwita mama mkwe. Sijui atafanya nini, ni mzee. Nataka tu pawe na mtu mkubwa ndani ya nyumba wakija.

Barua yako sikuweza kuichoma. Naogopa kuchoma maandishi ya mtu aliye hai. Nimeisukumia ndani ya kiungo cha kitanda, pale Rubeni alipokata mguu.

Mwambie shemeji, kama utamwona, kwamba ukuta wa mkonge nitaushughulikia. Usimwambie kwamba sijui namna.

Agustina


Kenyamonta,
8 Mei 1983

Dada Kuruthumu,

Kaa chini kwanza. Hatujashikwa. Sasa nikusimulie.

Mama mkwe alifika Jumamosi ile ya baada ya barua yangu. Hata shikamoo yangu hakuisubiri. Aliingia chumbani, akatazama kuta tatu za kijani na mikwaruzo yangu, akasema, "Nani alikwambia ukuta unachunwa kama mbuzi? Ukuta hupakwa."

Nikamwambia, "Mama, udongo hautashika juu ya rangi ya mafuta."

"Hautashika kwa kuwa pana utelezi. Lete jembe."

Tulizidonoa kuta tatu kwa ncha ya jembe, tundu kwa tundu, kama kuku wawili. Tulifanya hivyo siku mbili. Bhoke alikuwa nje akitwanga kinu kitupu ili majirani wasikie kinu. Kisha mama akachagua udongo wa kichuguu, akaukanda kwa miguu pamoja na mavi ya ng'ombe na majivu ya jikoni, na akapaka kwa viganja jinsi walivyopaka nyumba zao kabla ya sisi kuzaliwa. Mimi nilikuwa mchukuzi tu. Rubeni angetucheka, yeye aliyejivunia saruji yake.

Tulipofika ukuta wa kichwani, mama alisimama na udongo mkononi. Ule haukuwa na rangi. Alitazama ile alama. Sikuwahi kumwambia habari zake, na hakuniuliza. Aliurudisha udongo kwenye karai akasema, "Huu uache."

"Watashangaa, mama. Kuta tatu za udongo na mmoja wa saruji."

"Washangae."

Halafu akawasha mavi makavu katikati ya chumba na kufunga dirisha, ili kuta zipate moshi na kuonekana za siku nyingi. Lakini ni masika, dada. Udongo haukauki. Kila asubuhi niliugusa, kila asubuhi ulikuwa baridi kama pua ya ndama. Kona moja ilikataa kabisa kukauka, na ikaanza kudondoka. Tukalisukuma kabati likaikinga.

Walikuja Jumanne hii iliyopita, saa nne asubuhi. Watu wawili wa wilayani, mgambo mmoja, na mbele yao Mzee Mniko ndani ya koti lake la mikutano. Mama mkwe alikuwa amekaa kitandani na kiko chake. Mimi nilisimama mlangoni.

Mkubwa wao aliuliza, "Hiki ndicho chumba kilichosifiwa?"

"Ndicho," nikasema.

Akawasha tochi mchana ule, akamulika kuta. "Balozi, hapa imeandikwa rangi ya kijani. Rangi ya fundi Sadick wa Tarime."

Mzee Mniko alikuwa ameuona ukuta ule kwa macho yake, dada. Aliushika kwa mkono wake. Alitazama kuta moja baada ya nyingine, akanitazama mimi, na nikajua kwamba maisha yetu yote, yangu na yako, yamo ndani ya mdomo wake wenye meno manne.

Akasema, "Mimi nilisema nadhifu. Kijani nani alisema?"

"Imeandikwa, mzee."

"Aliyeandika alikaa nyuma, karibu na pombe."

Mama mkwe akatoa kiko mdomoni. "Wanangu, kama mnatafuta rangi, hayo ni mavi ya ng'ombe. Nuseni. Ng'ombe mwenyewe yuko nje, mkamateni."

Mgambo alicheka, akakoma alipoona mkubwa wake hacheki. Yule mkubwa alifungua kabati. Hakukuwa na sukari wala sabuni. Kulikuwa na mashati mawili ya Rubeni, koti lake, na randa yake. Alilifunga. Akaweka viganja viwili ubavuni mwa kabati akasema, "Hili tulisogeze."

Nyuma yake kulikuwa na ile kona, Kuruthumu. Nilijua kwamba udongo umedondoka pale na kijani kimetokeza. Nilifungua mdomo ili nikiri. Nilitaka niseme mwenyewe kabla hajaona, pengine Bhoke angeonewa huruma.

Lakini alipoinama kusukuma, tochi iliyokuwa kwapani mwake iligeuka, ikamulika ukuta wa kichwani. Akasimama.

"Na hii nini?"

Akasogea, akagusa alama kwa kidole, akanusa. "Mafuta. Mmeficha mafuta humu." Akanusa tena. "Ya nazi. Mafuta ya nazi yamefikaje Kenyamonta?"

Nilikuwa nimejifunza majibu mengi juu ya kijani, juu ya bati, juu ya Wangwe. Juu ya hili nilikuwa na ukweli tu. Nikasema, "Ni kichwa cha mume wangu."

"Nini?"

"Alikuwa akiegemea hapo jioni. Mtoto akimsomea. Alifariki hapohapo, mwaka jana, mwezi kama huu."

Mama mkwe alikuwa ameangalia sakafu. Yule mtu alitazama kidole chake. Kisha akatazama ukuta wote wa kichwani, juu, pembeni, mpaka chini, saruji tupu ya kijivu. Akamwambia mwenzake polepole, "Mwenye bati la rangi asingeacha hii. Angeanza na hii." Akakifuta kidole kwenye suruali, halafu akawa kama aliyejuta kukifuta, akavua kofia.

Kabati hakulisogeza. Wameandika kwamba nyumba ya Agustina, mjane, haina rangi, na Mzee Mniko ametia dole gumba. Walipokuwa wakitoka yeye alibaki nyuma kidogo akaninong'oneza, "Siku nyingine nikitaka kukusifia, nifungulie mbwa."

Nilicheka, kisha nikaukaza mlango kwa kinu mchana kweupe.

Dada, fikiri. Kama ukuta wa nne nao ningeupaka, tungeufunika udongo kama zile nyingine, na asingesimama. Angelisogeza kabati. Shemeji aliniambia niuache ule ukuta kwa ajili ya hofu yangu, na hofu yangu ndiyo iliyosimama mlangoni ikamkinga. Mpelekee habari, kwa njia yoyote utakayopata, kwamba imeandikwa hakuna ukuta.

Agustina


Tarime,
19 Julai 1983

Shemeji Agustina,

Nimetoka tarehe kumi na moja. Wamesema hawakupata aliyepokea. Nimeambiwa niripoti kila Jumatatu.

Kuruthumu amenisomea barua yako ya Mei. Nilimwomba asirudie.

Nina neno la kusema na sijui kulisema kwa mzaha. Bati lile halikubaki kwenye kazi yoyote. Lilivuka mpaka pale Sirari mwezi Februari, juu ya baiskeli, chini ya ndizi. Nilipokea ombi lako la rangi nikaona siwezi kumpaka Rubeni chokaa. Nilijua sheria. Wewe sikukwambia, na nilikupelekea kesi ndani ya gunia la pumba, wewe na mtoto. Kule ndani nilikuwa naamka nikisikia kana kwamba mtu anakwangua.

Kazi ya rangi nimeiacha kwa sasa. Jana jirani aliniomba nimwandikie jina dukani, nikamwambia sina miwani.

Nataka kukuuliza jambo moja la ufundi, kwa kuwa linanikosesha raha na sina haki ya kuuliza jingine. Huo udongo wa Mama Nyangi ni rangi gani? Kitanda na kabati vinaonaje?

Sadick


Kenyamonta,
31 Julai 1983

Shemeji,

Fungua karatasi hii taratibu, ndani kuna udongo. Ni wa ukuta wa dirishani. Uweke pale dirishani kwako siku nne, uutazame asubuhi, adhuhuri na jioni, kama ulivyofanya na ule mninga. Utaona kichuguu kimeleta wekundu wa kitanda na majivu ya jikoni yameleta ubaridi wa kabati. Mama mkwe hajui neno "ujomba wa rangi". Nilipomweleza maneno yako alisema, "Huyo mtu wa pwani analipwa kujua hilo?"

Amebaki hapa nami. Ule uongo wangu wa Januari umekuwa kweli. Analala na Bhoke jikoni kwa kupenda, anasema chumbani kuna chuma.

Ulichofanya kimenitia hofu ambayo sitaimaliza mwaka huu. Sitakudanganya. Nikisikia gari barabarani nasimama, popote nilipo, hata kama nina jembe mkononi, na nabaki nimesimama mpaka lipite. Bhoke naye ameanza. Lakini wewe ndiye uliyenifanya nilale chumbani. Yote mawili ni yako, na yote mawili nimeyapokea.

Nyuma ya kabati, pale palipokuwa pabichi, udongo ulidondoka wote. Kuna kijani chako, ukubwa wa kiganja. Mama amesema tukizibe. Bado hatujakiziba.

Usije kuupaka ukuta wa kichwani. Njoo tu, na Kuruthumu, bila bati. Siku utakayoruhusiwa kwenda Pangani kuwaona wazee, niletee chupa ndogo ya mafuta ya nazi. Nimeanza kulala upande wa Rubeni. Jioni Bhoke ananisomea, na mimi naegemea. Juzi nilipogeuka kuweka taa niliona kwamba kando ya alama yake imeanza nyingine, ndogo, bado haijakolea.

Ni mimi,
Agustina